Wilfred Ormerod, Aliyejua Kungoja Kicheko

Marehemu Wilfred Ormerod alizaliwa Burnley, mji wa viwanda huko Uingereza, tarehe 4 Machi 1889, mtoto wa nne wa wafumaji wa kiwandani. Alisoma shule ya kanisa hadi alipotimiza miaka kumi na miwili, akaingizwa kiwandani naye. Lakini mdomo ule, jamani, haukujua kutulia! Mwaka 1908 akajiunga na kikundi cha maigizo.

Jukwaani alisifika kwa kungoja. Akishatoa kichekesho alinyamaza mpaka watu wamalize kucheka, ndipo aseme la pili, na la pili ndilo lililokuwa tamu. Mwaka 1930 mchezo wake wa kasisi aliyefungiwa kabatini ukafanywa filamu, enzi hizo filamu ndiyo kwanza zimeanza kusema. Studioni hata kukohoa kulikatazwa, sembuse kucheka. Wilfred akangoja kama alivyozoea. Mwongozaji akafoka, "Mbona unasimama, bwana? Sema upesi!" Akasema upesi.

Filamu ilipoletwa Burnley, ukumbi ulifurika. Kicheko cha kwanza kikalipuka, na Wilfred wa kwenye pazia la sinema akaendelea kuongea tu. Lile neno tamu halikusikiwa na mtu. Wilfred wa kwenye kiti akasimama, akapiga kelele, "Ngoja, we mpumbavu! Waache wacheke kwanza!" Watu wakazidi kuvunjika mbavu. Hetty, mkewe tangu mwaka 1919, akamvuta koti.

"Kaa chini, Wilf, unatuaibisha."

"Nimeshaaibika, Hetty! Yule pale hanisikii!"

Kampuni iliyoitengeneza filamu ilimpelekea nakala iwe kumbukumbu. Aliirudisha siku ileile.

Februari 1936 alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya kauli yote. Julai mwaka huo akazaliwa Nesta, mtoto wao wa pekee. Hetty alipanda treni hadi London kwa kampuni ile kuiomba filamu, mtoto apate kumsikia baba yake. Karani akamwambia, "Pole, mama. Za zamani zote tulishaziyeyusha, tutoe madini ya fedha yaliyomo." Maji yakimwagika hayazoleki. Alirudi mikono mitupu. Wilfred alilia, asiweze hata kujitetea.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Novemba 1941, kwa kiharusi cha pili. Ameacha mjane, Hetty. Dada yake, Agnes. Na Nesta mwenye miaka mitano, ambaye juzi alimuuliza mama yake baba alikuwa akiongeaje. Hetty alijaribu kumwigiza, akashindwa.

Mungu ampokee Wilfred wetu, ampumzishe kwa amani.