Kegi ya Mama Mlipuko

Kijiwe chetu cha Bulla Iftin kiko nje ya geti la ploti ya mabati yenye vyumba vya kupanga, chini ya mti wa mathenge, na sheria yake ni moja: ukinunua kitu, kilete katikati kipigwe maneno. Asubuhi hiyo Katunge, mpangaji wa ploti hiyo na mwalimu wa chekechea aliyetoka Kitui miaka mingi iliyopita na kuizoea Garissa, alishusha kegi ya chuma kutoka kwenye mkokoteni, imejaa kinywaji cha tangawizi alichokichachua mwenyewe jikoni. Hakuja kujisifu, masikini. Mwezi uliopita chupa za tangawizi yake zililipuka kwa joto hapo verandani, moja baada ya nyingine, na ploti nzima ikajitupa sakafuni kuomba dua. Hapa kwetu, tuliokwisha kusikia mabomu ya kweli, mlio wa namna hiyo hauchekeshi papo hapo. Kesho yake watu walicheka, wakambandika jina la Mama Mlipuko. Asiyecheka ni bibi wa chumba cha pili, eeddo Faduma, shangazi wa ploti nzima. Yeye alisema ikilia tena, ama tangawizi ihame ama Katunge ahame. Ndiyo maana Katunge akapanda gari hadi Mwingi, kwa fundi Mutuku anayeuza vyombo vya baa zilizofungwa, akarudi na kegi kuukuu, mfereji wake na geji yake ya kupimia gesi.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Guleid, dalali wa ngamia. Huyu tunamwita Meno, kwa sababu hanunui mnyama kabla hajamfungua mdomo. Aliizunguka kegi, akaigonga tumbo, akainama kuchungulia chini.

— Maashallah! Hii ulichagua wewe mwenyewe, abaayo, dada yangu?

— Mimi mwenyewe. Zilikuwa nyingi. Zingine zimebonyea. Zingine ukizijaza upepo na kuzipaka sabuni, zinatoa mapovu shingoni. Hii ilikaa kimya.

— Sabuni! Mursal, umesikia? Wewe ulinunua tuktuk kwa kupiga gurudumu teke.

Mursal, ambaye jina lake la kijiweni ni Breki kwa sababu hana, alijifanya hakusikia.

— Lakini si ilikuwa ya bia? aliuliza Diba, karani mstaafu kutoka Wajir, anayeitwa Redio. Harufu ya bia haitoki kwa chuma, mama.

— Haikai kwa chuma, mzee. Inakaa kwa raba. Raba zote nimetoa nikatupa, nikaweka mpya. Mpira wa kupitisha kinywaji pia mpya. Chuma nimekichemshia maji mpaka makaa yakaniishia.

— Wallahi huyu mama ni fundi! Meno alipiga goti lake. Na hii ya ndani inashika kichwa?

— Inashika pua tu. Ni tangawizi, ndimu, sukari na hamira kidogo. Siku mbili.

Basi wakaanza. Ukiwapa watu hawa kitu kimoja cha kusifu, hawajui kusimama.

— Mimi naona gesi yake, alisema Breki. Nikifunga hii nyuma ya tuktuk, naenda Ifo bila petroli.

— Na kurudi?

— Narudi na abiria!

— Wacha tuktuk, alisema Meno. Hii ni ngamia. Inabeba tumboni, haimwagi, unakamua kidogo kidogo. Tofauti ni kwamba hii haiumi. Weka maziwa ndani, peleka Diff, yatafika yakiwa baridi kama ya friji.

— Baridi itatoka wapi na jua hili?

— Itatoka kwa heshima ya chombo!

Redio aliweka kikombe chini, akakohoa kama anayeanza taarifa ya habari.

— Mnafikiria mambo madogo. Serikali ichukue kegi kama hizi, izipange kutoka hapa mpaka Lafey. Mvua ikinyesha siku moja tu, inafungiwa ndani mwaka mzima.

— Mvua itaingiaje kwa kegi, mzee?

— Itaingia kwa amri!

Katunge alicheka nao, lakini jicho lake lilikuwa kwenye geji. Jua lilikuwa limepita matawi ya mathenge na kukipata chuma, na mshale ulikuwa unapanda. Mutuku alimwonyesha valvu ndogo kwenye kifuniko, akamwapia kwamba gesi ikizidi, itajifungua yenyewe. Kule Mwingi alimwamini. Hapa, mbele ya majirani, hakuwa na hakika tena.

Ndipo geti likalia, akatoka eeddo Faduma na tasbihi mkononi. Wanaume walijivuta, wakamwachia nafasi kwenye benchi. Alisalimia, akaitazama kegi kutoka juu hadi chini.

— Ndiyo hii?

— Ndiyo, eeddo.

— Ni nzuri. Inang'aa sana. Sasa niambieni kitu moja tu. Ikishiba, inalia aje?

Meno alimtazama Breki. Breki alimtazama Redio. Redio, ambaye tangu astaafu hajawahi kukosa la kusema, alichungulia ndani ya kikombe chake. Na Katunge, aliyekagua kila raba na kila kiungo, alitikisa kichwa.

— Sijui, eeddo, alisema. Sijawahi kuisikia.

— Basi tutasikia.

Akaketi karibu kabisa na kegi. Mshale ukaingia kwenye rangi nyekundu. Breki alisogeza kigoda chake nyuma, kisha akasogea na yeye mwenyewe. Meno alianza kunong'ona dua. Katunge hakurudi nyuma. Aliweka kiganja juu ya chuma cha moto, akakiacha hapo, akiwaza ni wapi atapata chumba kingine.

Tsss.

Sauti fupi, nyembamba. Harufu ya tangawizi ikajaa chini ya mti, na mshale ukashuka. Eeddo Faduma aliinamisha sikio, akangoja mpaka ikatoa nyingine.

— Hivi tu?

— Hivi tu, eeddo, alisema Katunge.

— Hii naweza kulala nayo.

Aliichukua kahawa aliyomiminiwa alipoketi, akaimwaga mchangani, akakiweka kikombe kitupu chini ya mfereji. Tangu siku ya zile chupa hakuwa amemwita jirani yake kwa jina lake.

— Katunge, alisema. Fungua.