Hata Jeneza Langu Mlifungue

Ilikuwa tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, saa tatu na robo asubuhi, marehemu mama yenu alipomwambia mkurugenzi wa kampuni ya rangi neno moja tu pale gatini: "Fungua." Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mlangoni, na daktari wa hospitali hii ya ng'ambo leo amenitazama kwa upole zaidi kuliko jana. Binti yangu, weka simu chini. Na wewe kaka mtu, acha kulia, nina habari ya kuchekesha.

Mnakumbuka kisiwa chetu mkiwa wadogo: panya walikula mayai ya ndege, wakala miche, wakala hata sabuni. Kampuni ilipokuja kuuliza tunataka nini, mama yenu akajibu, "Tupeni mitego, ndoo zenye vifuniko vya kukaza, na mafuta ya boti. Kazi tutafanya wenyewe, msitupe msimamizi." Wakatoa kwa moyo mweupe, na sitaki mtu awaseme vibaya mbele yangu. Miaka mitatu tulitega kila hatua hamsini, kutoka ufukoni hadi kilimani. Mama yenu akayeyusha nta kwenye sufuria yangu ya chai, akachanganya na siagi ya karanga, akagawa vipande kila nyumba, maana panya hawezi kuipita nta hiyo bila kuonja. Kila asubuhi tukavitazama kama vina alama za meno. Mwaka mzima ukapita, hakuna hata alama ya jino moja; panya wamekwisha.

Ndipo kampuni ikaja kusherehekea, na maboksi ya zawadi yenye utepe. Mama yenu kasimama na meza yake, ile aliyokagulia kila mzigo unaoshuka, panya asije akarudi. Mimi, wanangu, niliona aibu. Nikamnong'oneza, "Mama watoto, hawa ndio waliotusaidia, waache wapite." Akanitazama. "Baba watoto, wewe nawe umekuja na boksi?" Mkurugenzi akacheka, akafungua la kwanza, la pili, na kwenye la tatu akachomoka panya jike, tumbo limejaa watoto, utepe mdomoni! Mama yenu akamfunika na ndoo ya kampuni yenyewe, akaikalia. Mkurugenzi, na suti yake, akakaa chini gatini akacheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo hufungua mkoba wake kabla hajaambiwa. Nilimwomba mama yenu msamaha. Akasema, "Nimekusamehe, ila sufuria hupati."

Sasa, binti yangu, wewe unafanya kazi ofisini kwao, na umeniletea karatasi inayosema kampuni itaweka walinzi wake gatini, watu wetu wapumzike. Najua nia yako ni njema. Ndoo zao pokeeni, mafuta yao pokeeni, na shukrani muwape. Lakini mlinzi anayelipwa na mkurugenzi atamwambiaje mkurugenzi afungue? Waandikie barua nzuri, uwaambie meza ni ya kisiwa. Kaka yako atasimama pale, na siku ya mapumziko yako utasimama wewe. Nyumba gawaneni vyumba mpendavyo. Meza isigawanywe.

Mtanirudisha kwa boti. Watu wataona haya kama nilivyoona mimi. Ninyi msione. Wekeni jeneza mezani, mlifungue, mkung'ute sanda, mtazame na chini ya kichwa... Mnacheka? Chekeni. Mama yenu angeanza na mimi kabla ya mizigo yote.

Nipeni maji... Kidogo tu. Ndege wamejaa sasa kule kwetu, asubuhi hata redio husikii. Nimefurahi, wanangu. Nimefurahi sana. Leteni mikono... Mungu awaweke pamoja, awape macho makali na vicheko.

Ee Mungu, mpumzishe mama yao... Mlango wako mfungulie. Na kama alifika na mzigo, ukague taratibu, Bwana... hutakuta kitu. Amina.