Mgongo Wangu Ulipopona Mara ya Pili

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Nasikia amina zenu leo ni za chini chini. Nawaelewa. Miezi michache iliyopita nilisimama hapa hapa, nikashuhudia kwamba mgongo wangu umepona, nikaruka, nanyi mukapiga vigelegele. Kesho yake nikaanguka. Basi leo nimekuja na ushuhuda wa pili, na huu nitausema wote.

Munanijua, mimi Mama Sifa wa hapa Sange. Tangu usichana nabeba mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka shambani hadi sokoni, kama mama zetu walivyotufundisha. Nikimwona mwenzangu amebeba kiroba nusu, namcheka. Kiburi kitupu! Halafu asubuhi moja niliinama kuokota kijiko, kijiko tu, na kiuno kikagoma. Maumivu yakashuka mguuni mpaka kisigino.

Nikalala. Wamama wa korali, tunaoimba pamoja hapa kanisani, Mungu awabariki, wakaniletea ugali na sombe ya majani ya mihogo, wakanifulia, wakanichotea maji. Nikitaka kuamka tu, wananikemea: “Aah, weye lala, usijiue!” Nikalala miezi mitano. Mapaja yakakonda, nikawa naogopa hata kuyatazama wakati wa kuoga.

Ndipo mukanileta hapa, mukaniombea Jumapili ile, na mbele za Mungu nasema, maumivu yalitoka. Sikudanganya! Lakini nikawaza: wakiniona napumzika kesho, watasema sina imani. Jumatatu nikafunga kiroba kizima cha mihogo, nikatia kamba kwenye paji, nikapita katikati ya soko ili kila mtu aone. Sikufika upande wa pili. Nilianguka, mihogo ikatawanyika, nikabebwa hadi nyumbani na watu wale wale walionipigia vigelegele jana yake.

Ndugu zangu, kilichofuata kiliniuma kuliko mgongo. Mama Neema, tunayeimba naye benchi moja, alisema: “Kuko zambi anaficha. Mungu haponyeshake muntu nusu.” Maneno yakazunguka mtaa mzima. Mimi mwenyewe nikaanza kuitafuta hiyo dhambi. Nilifunga, nikalia, nikatubu hata mambo ya utoto. Kanisani sikukanyaga tena. Nilimwambia Mungu waziwazi: kama ulikuwa unanichezea, basi niache.

Mdogo wangu akanichukua kwake Mulongwe, kule Uvira, akanipeleka hospitali. Wakanituma kwa kine, yaani yule anayetibu mwili kwa mazoezi. Baba mmoja mnene, ndevu zina mvi. Akaniuliza mengi, hata habari za mkojo, nikaona haya. Akasema mtu akishindwa kukojoa, au akifa ganzi katikati ya mapaja, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Mimi sikuwa na hayo. Nikangoja sindano. Badala ya sindano akatandika mkeka.

“Lala chali, mama. Kunja magoti. Inua kiuno, polepole.”

Nikakasirika. Nikamwambia, “Baba, minye niliombewa. Nikifanya hii michezo, si ni kukosa imani?”

Hakukasirika. Akauliza, “Mutoto wako akipona malaria leo, kesho unamutuma shamba?”

“Hapana.”

“Juu ya nini?”

“Hana nguvu bado.”

“Alipona ao hakupona?”

“Alipona.”

“Basi, mama. Inua kiuno.”

Nililia pale pale mkekani. Siku zote hizo natafuta dhambi, kumbe dhambi niliyosingiziwa haikuwako! Mungu aliondoa maumivu, na mimi nikamnyima nafasi ya kunirudishia nguvu, kwa kuogopa macho ya watu.

Tukaanza. Kuinua kiuno mara kumi. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu. Kutembea kando ya ziwa, siku ya kwanza hadi uzio wa jirani tu, wamama wanaoanika ndagala, wale samaki wadogo, wakinicheka. Siku mgongo ukiuma kidogo, kine hakuniambia nilale. Alisema nipunguze, nisiache.

Niliporudi Sange niliendelea, lakini moyo ulikuwa bado na uchungu. Nikaona heri niutumie. Kila nikiinua kiuno, namtaja mbele za Mungu mtu mmoja aliyenisema vibaya, naomba abarikiwe. Mwanzoni nilikuwa naomba huku nimeuma meno! Siku moja Mama Neema akaingia bila hodi, akanikuta kiuno hewani.

“Weye! Uko unafanya nini?”

Nikamjibu, “Niko nakuombea.”

“Hivyo?”

“Hivyo. Weye uko wa kumi.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho na kikwembe alichojifunga kiunoni. Akasema, “Mama Sifa, nilikukosea. Nisamehe.” Nikamsamehe, ndugu zangu, na siku hiyo nikajua nimefunguliwa kweli, kwa sababu uchungu ulitoka na haujarudi.

Mgongo wenyewe bado unanisumbua mvua ikinyesha, sitawaficha. Mihogo nabeba nusu kiroba, naenda mara mbili. Nikiinua mzigo nakunja magoti, nauweka karibu na mwili. Anayetaka kucheka acheke.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Na wewe mama uliyekaa nyuma pale, unayeumwa na unaogopa kusema kwa sababu uliombewa tayari, nakusihi umtegemee Bwana na uende kwa waganga wa hospitali, bila haya. Hakukuacha. Ukiweza hatua tatu leo, mshukuru kwa tatu.

Sasa nitashuka hizi ngazi za madhabahuni. Ni nne. Tafadhali, mtu asinishike mkono.