Vile Vivimbe vya Kahawia

Hebu niambie wewe unayejua kila kitu: jani likikaa kwenye maji siku arobaini na moja, bichi, linang'aa, bila hata unyuzi mmoja wa mzizi, hilo ni zima au ni maiti aliyepakwa mafuta? Swali hilo ndilo lililokaa katikati ya benchi Jumamosi ile, ndani ya chupa ya jemu, baina ya vikombe vya kahawa. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani, tundu la kitasa bado lipo, umelazwa juu ya matofali nje ya kibanda cha Fundi Saa, ambaye siku hizi hufufua rimoti nyingi kuliko saa. Pembeni yake hukaa Karani, mstaafu wa masjala asiyevua tai hata Jumapili. Mama Birika huuza kahawa hapo na kusikiliza kila neno. Na wa nne ni Digrii, kijana wa miaka thelathini, shahada ya sayansi ya mimea, mwaka wa sita huu hajawahi kupigiwa simu na mwajiri hata kwa kukosea namba.

Jani lilikuwa lake. Tuseme lilikuwa la mama yake. Mama huyo alifagia ofisi za watu maisha yake yote, na siku moja akachomoa kipande cha ua la kutambaa dirishani kwa meneja, akakitia kwenye glasi ya maji, kikashika. Miaka ishirini na sita ua lile lilizunguka chumba chake: likapanda kabati, likapita juu ya mlango, likarudi dirishani kutazama lilikotoka. Mama alipofariki, mwenye nyumba alikitaka chumba chake. Digrii akakata vipande vitatu, chungu na mashina mengine akawaachia wapaka rangi.

Dada yake mkubwa, aliyeolewa mbali, alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwenye simu. Kitanda hataki, kabati hataki. Awekewe kipande cha lile ua. Na basi lake lilikuwa linaingia asubuhi hiyo.

Kipande cha kwanza kilikwisha kufa kwa ushauri wa Mama Birika, aliyeagiza kitiwe kwenye masimbi ya kahawa, yale mashapo ya chini ya birika. Cha pili kilikufa kwa Fundi Saa, aliyekizungushia waya wa shaba na betri ndogo, kwa hoja kwamba kisicho na betri hakitembei. Kilibaki hiki.

— Tatizo ni maji, alisema Fundi Saa. Haya ya bomba yamekaa gizani mno. Yamesahau kazi yake.

Karani akakohoa kidogo, kama afanyavyo mtu anayetaka kufungua faili. Yeye alikuwa na maelezo marefu. Ua lile, alisema, ni la ofisini. Limezaliwa dirishani kwa meneja, likahamishwa bila barua, na sasa limehamishwa tena bila barua. Kitu cha ofisi hakiripoti kituo kipya bila maandishi. Alikuwa tayari kuiandika hiyo barua, nakala mbili, moja ibandikwe kwenye chupa.

— Liko kwenye msiba, alisema Mama Birika. Mwacheni mtoto wa watu na ua lake.

Fundi Saa hakuwaacha. Akasogea, akashusha sauti, akatazama juu kana kwamba mawingu yana masikio. Kuna kitu, alisema, wanapulizia hewani. Dawa ya kuzuia mizizi. Maghorofani hawaisikii kwa sababu wana viyoyozi. Wanataka watu wa huku tubaki tunaelea, tukiambiwa hameni tunahama.

— Nitajieni mtu mmoja wa mtaa huu aliyeota mizizi. Mmoja tu.

Wakatafuta, kila mtu kichwani mwake. Hawakumpata. Ndio ubaya wa Fundi Saa: anaanza na upuuzi anamaliza na wewe.

Digrii akacheka kile kicheko chake cha puani. Akawaambia wanywe kahawa yao polepole, maana wamekaa na mtaalamu. Tasnifu yake ilikuwa ya kurasa themanini na nne, juu ya hilihili: homoni za kuotesha mizizi kwenye vipande vya mimea. Ina majedwali. Ina grafu za rangi. Wastani wa siku za kuota mizizi ni kumi na nane nukta nne.

— Wewe mwenyewe uliiona hiyo mizizi? aliuliza Fundi Saa. Ilikuwa ya rangi gani?

Digrii akanyanyua kikombe. Kilikuwa kitupu, lakini akanywa.

Ndipo akasema, taratibu, jambo ambalo kwa miaka sita hakuwahi kulisema pale. Chuoni kulikuwa na banda la kioo la kulelea mimea. Kubwa, limezinduliwa kwa utepe na picha. Lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mkuu fulani ambaye kila wakati alikuwa kwenye warsha. Miaka minne walilitazama kwa nje kama duka la dhahabu. Mazoezi ya vitendo yalichorwa ubaoni kwa chaki. Ilipofika tasnifu, waliambiwa wachukue takwimu za waliotangulia. Nao waliotangulia walichukua za waliowatangulia.

— Kwa hiyo ile nukta nne ni ya nani? aliuliza Karani, ambaye nukta humkosesha usingizi.

— Sijui, mzee. Huenda haina mwenyewe.

Dada akatokea hapo hapo, na begi moja begani na uso wa safari. Akasalimia wote, akapishwa nafasi, akakataa kahawa. Macho yake yalikuwa kwenye chupa tangu akiwa upande wa pili wa barabara. Akaishika kwa mikono miwili, akaiinua, akaizungusha kwenye mwanga.

— Vile vivimbe viko wapi?

— Vivimbe gani, dada?

— Vya kahawia. Kwenye shina, pale jani linapoanzia. Kama chunjua. Mama alikuwa anakata chini yake, upana wa kidole. Mizizi hutokea pale, na shina jipya hutokea palepale. Hili ni jani na kikonyo chake tu.

Digrii alikiona tena chumba. Gazeti sakafuni, wembe mpya aliounyunyizia spiriti, vipande vitatu vimelala sambamba. Na kila kimoja kina kile kidude cha kahawia, kikavu, kimekunjamana. Alikuwa anayajua kwa moyo magonjwa kumi na moja ya ukungu. Alivikata vivimbe vyote, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa daktari, akavifunga kwenye gazeti na kuvichoma moto ili visiambukize.

— Nilidhani ni ugonjwa, alisema.

Hakuna aliyecheka. Fundi Saa, kwa mara ya kwanza tangu benchi liwe benchi, akauliza kwa upole kama vitu hivyo havina jina huko chuoni.

Digrii akajibu kwa sauti ya chumba cha mtihani, macho mbele:

— "The node is the point on the stem from which leaves, shoots and roots arise." Alama mbili. Nilipata zote.

— Maana yake nini? aliuliza Mama Birika.

— Maana yake hicho alichosema dada.

Dada aliuliza chungu kiko wapi. Wapaka rangi walikwisha kukitupa. Digrii alirudi wiki ya pili akakuta ukuta mweupe. Dada akauliza tena, na hili ndilo lililowamaliza:

— Mama alikuwa anawagawia watu vipande kila mwaka. Aliwapa kina nani?

Digrii ndiye aliyekuwa akiwafungulia mlango. Miaka yote ile watu walitoka na kitu kwenye mfuko wa nailoni, naye hakuwahi kuinua kichwa kwenye vitabu vya mimea amtazame hata mmoja usoni.

— Nitaondoka nalo hivihivi, alisema dada. Halitakuwa ua, lakini litakaa kijani kwa muda. Mdogo wangu, usilie mbele za watu.

Alipoondoka, Karani akatoa kalamu na karatasi kutoka mfuko wa koti, kama afanyavyo kila Jumamosi. Maombi yote ya kazi ya Digrii yameandikwa kwa mkono huo.

— Leo tunaomba wapi?

— Leo hatuombi, mzee. Andika kwa wakuu wa chuo.

Karani akaandika anwani, akapiga mstari. Akasubiri. Birika lilikuwa limekauka, na Mama Birika hakuinuka kuongeza maji.

— Andika: Leteni ufunguo. Fungueni lile banda la kioo, leo, mbele ya wanafunzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mshikeni mkono, kiwekeni kidole chake juu ya kile kivimbe cha kahawia, kibaya, kikavu, mmwambie: hapa usikate.