Mgongo wa Mwalimu Kuwabara

Mgeni rasmi, Bi. Tsukioka, mwenye muhuri wa vyeti vyetu. Mama Kuwabara, mjane wa mwalimu wetu. Nanyi wageni mliovua viatu mkaketi nasi kwenye mikeka hii.

MAKARIBISHO
Karibu Kurosaki. Tulitamani kukupokea kwa furaha, lakini leo ni siku ya arobaini na tisa tangu Mwalimu Kuwabara atutoke, ndiyo siku ya kumaliza matanga kwetu, na nyumba yenye msiba haifichiki. Chai ipo, na vile vitumbua vya maharage matamu alivyovipenda. Tuwie radhi kwa macho mekundu.

TULIKOTOKA
Shule hii hufundisha osteopathi, tiba ya mgongo na viungo kwa mikono mitupu. Tuko saba, na kila mmoja alikuja na lake. Mimi msomaji wa risala hii, Daigo Narahashi, nilikuwa mcheza judo. Yupo muuguzi mstaafu, yupo dereva wa lori aliyeachishwa kazi na mgongo wake mwenyewe. Dada yetu Sayoko Inamura, asiyeona tangu utotoni, aliwakanda wageni wa hoteli ya chemchemi za maji moto kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza mwalimu alituambia, "Mnayoyajua yawekeni mlangoni pamoja na viatu. Mtayavaa mkitoka." Mimi alinitania hadi mwisho: "Narahashi, huyo ni mgonjwa, si mpinzani. Mwachie mbavu zake."

MAFANIKIO
Mtihani wa mwisho tuliufanyia mgongoni mwake, kama ilivyokuwa desturi yake. Aliandika kwenye karatasi mahali alipojifanya panamuuma, akaifunga ndani ya bahasha, akavua shati, akaketi kwenye kigoda. Tukapita mmoja mmoja kupatafuta. Sita tulitaja bega la kulia, na bahasha ilisema bega la kulia. Tukafaulu.

CHANGAMOTO
Sayoko aliweka kiganja chini ya mbavu za kushoto, akatulia hapo muda mrefu.

"Mwalimu, hapa pana moto."

"Hapo hapana kitu, dada. Tafuta vizuri."

"Mkono unakataa kuondoka."

"Basi ni mkaidi kama mwenyewe. Umekosea. Aje mwingine."

Tulicheka, mgeni rasmi. Inatuuma kulisema hilo mbele ya mama. Wiki tano baadaye hospitali ilimpiga picha, ikaona uvimbe palepale, nao ulikuwa umeshasambaa. Hatujui kama wiki tano zile zingemwokoa. Tunaziwaza kila siku.

Tulipokwenda kumwona, aliushika mkono wa Sayoko akaurudisha mgongoni.

"Moto bado upo?"

"Upo, mwalimu."

"Basi aliyekosea ni mimi. Nitarekebisha daftari la alama nikirudi."

Hakurudi. Daftari bado limeandikwa "amekosea", na kwa kanuni za shule alama hubadilishwa na aliyeiandika, au na mwenye muhuri.

OMBI LETU
Sayoko hataki kuombewa. Anasema kosa analo, maana aliuamini mdomo wa mwalimu akauacha mkono wake. Sisi sita tuna letu la kukiri. Mwalimu hakuwa hodari wa kuigiza. Kila tulipofika begani alikunja uso, nasi tukamwona. Tulifaulu kwa macho. Vidole vyetu vilipita chini ya zile mbavu za kushoto visisikie kitu, na aliyeugusa mgongo ule ni mmoja tu.

Kwa hiyo vile vyeti sita ulivyokuja navyo, tunaomba uondoke navyo, tukafundishwe upya. Kisha ufungue daftari, kwenye jina la Inamura, uandike lile neno ambalo mwalimu hakuwahi kurudi kuliandika.

Mwalimu alale pasipo maumivu, mama apate faraja, nawe mgeni wetu ufike kwako salama.

Ni sisi, wanafunzi wa mwisho wa Mwalimu Kuwabara: sita tulioshindwa, na mmoja aliyefaulu.