Vijiti vya Watu Wawili

Basi la kwenda Matsue, Japani, lilikuwa limetulia mpaka mama aliyekaa mbele yangu alipofungua kitambaa na kuitazama picha yake, iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga na kutiwa fremu pana. Ilionyesha jozi mbili za vijiti vya kulia zimeshika tunda moja.

Mzee aliyekaa naye akashtuka kana kwamba kaona nyoka. "Mama, hiyo unampelekea nani?"

"Mume wangu, mzee."

"Ala! Watu wawili hawashiki kitu kimoja kwa vijiti. Hivyo tunaokota mifupa tu, maiti akishachomwa. Aliyechonga hana wazazi wa kumfunza?"

"Nimechonga mimi."

Basi zima likajifanya limelala, nami, kwa uungwana wangu wote, nikatega masikio.

"Mimi na mume wangu Kiyohiko tuliokota mifupa ya binti yetu hivyo," mama akasema. "Hatukuangusha hata kipande. Kisha Kiyohiko akahamia kwa kaka yake, na tangu hapo hatujashika kitu pamoja. Nataka arudi."

"Atakufukuza na mkosi wako!"

"Anifukuze akishaitazama."

"Mkaidi wee! Si ungechora vikombe viwili vya chai, kama wenzio?"

"Vikombe kila mtu hushika chake, mzee."

Basi likasimama kituoni kwa mama. Fremu ikamshinda mlangoni. Mzee, huku akinung'unika kwamba mkosi ni mkosi tu, akainuka, akashika upande wa pili, wakaishusha pamoja polepole, isianguke.