Boksi Lililomngoja Mgeni Rasmi

Wasikilizaji wapendwa, tunaanza na tangazo tulilopewa tulisome. Waandaaji wa semina ya watoa huduma za afya kuhusu misingi ya kutibu unene uliopitiliza wanawajulisha washiriki kwamba fulana, zilizotarajiwa kuwa za kijani, zimefika za bluu. Kwa hiyo semina imeahirishwa kwa mara ya tatu. Mwisho wa tangazo.

Sasa tumkumbuke Nyanzala, mkulima wa Mwamkulu, aliyefariki Jumanne iliyopita kwa kiharusi. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Presha yake haikuwahi kupimwa.

Nyanzala aliingia Katavi akiwa binti, akiswaga ng'ombe wa baba yake. Alikuwa mnene, na kwao hilo halikuwa kasoro. Mdogo wake, Kashinje, anasema: "Mwaka juzi alipungua kidogo tu, majirani wakaanza kuniuliza anaumwa nini. Akarudisha mwili, maswali yakaisha."

Mwezi wa tatu alianza kuhema kila akitembea hatua kumi, na kichwa kikawa kinamgonga. Akaenda zahanati, ambayo leo hatutaitaja. Mkanda wa kupimia presha haukutosha mkono wake.

"Mama, punguza ugali," tabibu akamwambia. "Rudi ukishakonda."

"Mwanangu," Nyanzala akajibu, "mkono huu unapalilia ekari nne za mpunga. Huko shambani hakuna aliyelalamika kwamba ni mkubwa."

Waliokaa kwenye benchi walicheka. Tabibu aliandika neno moja kwenye kadi: mnene.

Alirudi mwezi wa nne. Alirudi mwezi wa tano. Mara tatu alikwenda, na mara tatu mkono wake haukupimwa.

Mkanda mpana ulikuwepo. Narudia, wasikilizaji: mkanda mpana ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya boksi la vifaa vya semina, chini ya meza ya tabibu yuleyule, boksi limefungwa utepe ambao mgeni rasmi angeukata. Muuguzi Séverine aliomba mara mbili alifungue. Alijibiwa kwamba vifaa hivyo ni vya mafunzo, si vya wagonjwa.

"Siku ya mwisho miguu ilikuwa imemvimba," anasema Kashinje. "Dada akaiegemeza kwenye hilo boksi. Tabibu akamwambia, mama, toa miguu, hiyo ni mali ya semina."

Katika semina hiyo lipo somo la kuzungumza na mgonjwa bila kumfedhehesha. Nalo limo ndani ya boksi.

Tunampa pole mumewe, Malale, watoto wao watano, na Kashinje. Watoa huduma wajiulize ni mkono wa nani utakaofuata. Nasi wa redio hii ya Mpanda tujiulize pia, maana tangazo la kuahirisha tumelisoma mara tatu, na hatujauliza swali hata moja.

Tumepokea vilevile uamuzi wa kikao cha waandaaji kilichoketi jana. Semina itapewa jina la marehemu Nyanzala. Fulana zitachapishwa upya, za kijani, zikiwa na jina hilo kifuani. Boksi lisifunguliwe hadi mgeni rasmi apatikane.